Mawe Kumi na Mawili na Dodoki Moja

Pipa lilikuwa likizunguka katika chumba cha nyuma, shwaa, shwaa, shwaa, kama mtu anayesukutua maji mdomoni na hataki kuyatema. Ilikuwa saa kumi na moja kasorobo alfajiri. Sauti hiyo nimelala nayo miaka thelathini na sita, kwa hiyo siyo iliyoniamsha. Nilijiamsha mwenyewe, kama nilivyokuwa nikifanya kila alfajiri kwa mwaka mzima na ushei, nikakaa ukingoni mwa kitanda kusubiri magoti yangu yakubali.

Mume wangu alikuwa amelala kwa ubavu, mkono chini ya shavu. Nilipapasa juu ya kabati nikachukua chupa ya mafuta ya nazi, yale ninayopaka nywele, nikaenda sebuleni kwa miguu mitupu. Mawe yalikuwa kwenye sinia, kumi na mawili, juu ya kitambaa. Nikakaa. Nikatia tone la mafuta kwenye kidole na kuanza kuyasugua, moja baada ya jingine, mpaka kila moja likang'aa kama limetoka mtoni.

Nilikuwa nimechoka. Sisemi uchovu wa siku moja, ule wa kulala ukaamka umekwisha. Nasema ule unaokaa mabegani kama kanga iliyolowa.

Mume wangu ni fundi wa kusugua mawe. Majirani wanamwita Fundi Kokoto, naye hakasiriki. Mawe anayaokota au analetewa, anayatia kwenye pipa dogo la mpira pamoja na maji na unga wa kusagia, anafunga, analaza pipa juu ya mashine, linazunguka siku saba mchana na usiku. Kisha anaosha, anatia unga mwingine laini zaidi, siku saba nyingine. Unga ni wa aina nne. Wa kwanza una chembe kama mchanga, wa nne ni kama poda ya mtoto mchanga. Jiwe linaingia likiwa na sura ya kiazi, linatoka unaliona mpaka ndani.

Basi macho yake yakaanza kuondoka. Daktari alisema mshipa wa jicho umechoka na hautarudi. Sasa anaona mwanga, na anaona mtu amesimama, ila hajui ni nani mpaka aseme. Makopo ya unga aliyatoboa alama kwa msumari kwenye vifuniko, tundu moja, mawili, matatu, manne, anayajua kwa kidole gumba. Kazi moja tu ndiyo aliyoniachia mimi: kuosha pipa na mawe kila baada ya siku saba.

Tangu hapo mawe hayakung'aa tena kama zamani. Mara ya kwanza jirani yetu mshonaji alikuja kuyatazama, yeye ambaye maneno hayamwishi, akayashika, akayarudisha, akauliza habari za mvua. Alipoondoka mume wangu akaniuliza, "Mbona leo fundi cherehani amekuwa bubu?" Kesho yake alfajiri nikachukua chupa ya mafuta.

Sikufanya kwa hila. Nilifanya kwa sababu nilijua yule mtu akiambiwa mikono yake imekwisha, ataketi kwenye kiti na hatanyanyuka.

Na asubuhi hiyo ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote, kwa sababu mjukuu wetu alikuwa amefika jana yake jioni na mfuko wa kamera. Tunamwita Tone, maana alizaliwa mdogo kama tone la maji, ingawa sasa akisimama mlangoni ananipita kichwa kizima. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji, anapiga picha za vitu vidogo kwa karibu sana: punje, vifungo, mabawa ya nzi. Wakubwa zake walitaka kalenda, miezi kumi na miwili, mawe kumi na mawili. Akawaambia, mimi babu yangu ndiye mwenye mawe hayo.

Babu yake aliposikia, hakuruka kwa furaha. Alikaa kimya siku mbili. Kisha akaniambia tukiwa mezani, "Bi Mkubwa, hayo kumi na mawili ndiyo mtihani wangu. Yakikubali kwenye kamera, nasugua mpaka nizikwe. Yakikataa, muite yule kijana wa vyuma chakavu aje achukue mashine." Hilo halikuwa la mzaha. Namjua anapotania, huwa anakuna sikio.

*

Kulipopambazuka Tone alipeleka meza ndogo bustanini. Bustani yangu si kubwa, ni matuta manne: nyanya, bilinganya, bamia, na mchicha ule unaojiotea. Kwenye ukuta kuna mdodoki, na chini ya bomba nimefunga waya ninapotundikia madodoki yaliyokauka ya kuoshea vyombo. Kingo za matuta ni mawe aliyoyakataa mume wangu miaka yote hiyo, yenye ufa au yenye doa. Mimi sikatai kitu.

Tone alitandika kitambaa cheupe, akasimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, akafunga lenzi fupi nene kama kikombe. Babu yake alikaa kwenye kreti karibu na bilinganya, fimbo katikati ya magoti.

"Mke wangu mdogo," akasema, "hiyo kamera yako inaona nini ambacho bibi yako haoni?"

"Inaona kila kitu, babu. Hata ukinuna."

"Basi igeuzie kwa mke mwenzako, ndiye anayenuna tangu alfajiri."

"Mimi nimechoka tu," nikasema. "Kununa ni kazi ya wenye nafasi."

Wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshika sinia. Nilikuwa nimejipa moyo kwamba kamera ni jicho tu kama jicho langu, na kwamba jiwe likimeta, limemeta.

Tone alichukua la kwanza, lile jekundu lenye mistari ya maziwa. Akaliweka, akainama, akazungusha lenzi taratibu, akabonyeza. Picha ikaja kwenye kompyuta iliyokuwa pembeni. Nikasogea kutazama. Lile jiwe la ukubwa wa tende lilikuwa limejaa kioo chote kama shamba, na juu ya shamba hilo kulikuwa na mistari mingine, ya mviringo, mmoja ndani ya mwingine. Ilinichukua muda kujua ni nini. Ilikuwa alama ya kidole changu.

Tone alinitazama. Akatelezesha kidole chake juu ya jiwe, akakinusa.

"Limetokaje?" akauliza babu yake.

"Mwanga bado, babu," Tone akajibu kwa sauti ya kawaida kabisa. "Ngoja jua lipande kidogo."

Nitamkumbuka mtoto yule kwa jambo hilo. Angeweza kuuliza pale pale, "Bibi, umepaka nini?" Lakini alibeba sinia, akaniambia twende tukapashe maji.

Jikoni aliyaosha kwa sabuni na maji ya vuguvugu, moja moja, akayakausha kwa taulo. Yalitoka yamefifia kama macho ya samaki wa jana.

"Tangu lini, bibi?"

"Tangu nianze kuamka mapema."

"Kila siku?"

"Mafuta hukauka, mwanangu."

Akaniwekea kiti. Alipiga picha mawe matatu juu ya meza ya jikoni, dirisha likiwa wazi, akanionyesha. Sasa hakukuwa na mafuta wala alama ya kidole. Kulikuwa na mikwaruzo. Mirefu, imenyooka, mmoja huku, mmoja kule, kama paka amepita juu ya meza iliyopigwa vanishi.

"Kwa macho haionekani," Tone akasema. "Kwa macho unaona tu jiwe limekosa uhai. Ila kwenye kalenda, picha ikiwa kubwa kama sinia, itaonekana. Siwezi kuyapeleka, bibi. Ningeweza ningeyapeleka."

"Najua."

"Nani atamwambia?"

Niliegemeza kichwa ukutani. Kule chumba cha nyuma pipa lilikuwa linaendelea, shwaa, shwaa, na awamu nyingine ya mawe ndani, na mimi nilikuwa nawaza kijana wa vyuma chakavu anavyoingia na mkokoteni wake.

"Nipe muda kidogo," nikasema. "Nikijikaza nitamwambia mimi."

"Basi na mimi nipige picha za bustani wakati huo. Nisirudi mikono mitupu."

Akatoka. Nilibaki nimekaa mpaka chai ikapoa, nikainywa hivyo hivyo. Nilimsikia akizungumza na babu yake, akimwambia jua bado, akimsimulia anachokipiga. Alimwambia kuna sisimizi amesimama juu ya jiwe la ukingo kwenye tuta la nyanya, na jiwe hilo linang'aa mpaka tumbo la sisimizi linaonekana chini yake kama amesimama juu ya kioo.

"Jiwe gani hilo?" babu akauliza.

"La kijani, lina ufa upande mmoja."

"Lile nililitupa. Miaka kumi sasa. Kwa ufa ule nilitamani kulia." Kisha akasema polepole, "Miaka kumi juani na mvuani, na bado linang'aa."

Nilisikia anavyolisema. Sikuhitaji kumwona uso.

*

Tone alirudi jikoni kuweka kompyuta chini ya kivuli, nami nikatazama picha zake kwa sababu sikuwa na nguvu ya kufanya jingine. Ua la nyanya. Unywele wa jani la bamia. Sisimizi. Halafu kitu ambacho sikukitambua, wavu mnene wa nyuzi za rangi ya mchanga, umepindana kama mizizi, na ndani ya wavu vitu vyeusi vyenye pembe kali vinavyometameta.

"Hiki nini?"

"Dodoki lako, bibi. Lile la bombani. Nimelipenda, ila sijui hivi vyeusi ni nini. Nilidhani ni mbegu."

Mbegu za dodoki nazijua. Ni bapa kama za tikiti. Hivi havikuwa mbegu.

Nitaeleza hapa jambo ambalo sikulitilia maanani. Zamani mume wangu alipokuwa akiosha mwenyewe, alikuwa na brashi nne kwenye misumari minne, moja kwa kila unga, na hakuruhusu brashi ya msumari mmoja iende kwenye msumari mwingine. Mimi niliona ni kujitia taabu. Aliponiachia kazi, zile brashi nilizifunga kwenye gunia, nikachukua dodoki langu, zuri, nililolipanda mwenyewe, laini, lisilokwaruza hata sahani. Nilijivunia kabisa. Dodoki hilo moja ndilo nililooshea pipa baada ya unga wa kwanza, wa pili, wa tatu, na ndilo nililooshea pipa kabla ya ule wa nne.

Nilitazama zile chembe kwenye kioo cha kompyuta, nikajua ni unga wa kusagia.

"Bibi?"

"Nishike mkono ninyanyuke," nikamwambia.

Nililitoa dodoki kwenye waya nikaenda nalo mpaka kwenye kreti. Jua lilikuwa limepanda sasa na yeye alikuwa amevuta kofia usoni.

"Fundi," nikasema. "Mawe hayakung'aa. Haya hayakung'aa, na ya mwaka mzima hayakung'aa. Nilikuwa nayapaka mafuta."

Hakushtuka. Alitoa kofia akaiweka gotini.

"Mafuta nilijua," akasema. "Siku ya kwanza tu nilijua. Jiwe lililokolea mng'ao ni kavu, la baridi. Haya yalikuwa yanateleza, yananukia kichwa chako."

"Ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Niliona unanionea huruma. Nikasema, kumbe imefika hapo. Nikajua mikono yangu basi."

Alisema hivyo bila kupandisha sauti. Ningependa angepandisha. Mwaka mzima na miezi mitatu tulikuwa tunapeana chai asubuhi, mimi nikimficha yeye, na yeye akinificha kwamba amegundua.

"Kuna jingine," nikasema, nikamwekea dodoki kiganjani. "Pipa naliosha kwa hili. Hili moja tu. Kwa unga wa aina zote."

Alilibinya. Akalikunja karibu na sikio, akasikiliza. Kisha akasugua kipande chake juu ya ukucha wa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayeonja chumvi.

"Tone," akaita. "Lazima kuna mikwaruzo juu ya mawe. Ni mingi au michache?"

"Michache, babu. Ila mirefu."

"Imejikunja au imenyooka?"

"Imenyooka."

"Na katikati ya mikwaruzo, jiwe likoje?"

Tone akaenda kwenye kompyuta, akavuta picha, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. "Katikati liko safi. Linang'aa. Naona dirisha la jikoni ndani yake, na nondo zake."

Nzi alitua kwenye mkono wa babu yake na hakumfukuza.

"Hii ni namba moja," akasema mwishoni, akilipapasa dodoki. "Imeingia kwenye namba nne. Chembe mbili tatu tu zinatosha kuharibu pipa zima." Akavuta pumzi. "Kumbe unga nilitia sawasawa. Siku nilihesabu sawasawa."

"Ndiyo," nikasema.

"Mwaka na miezi mitatu, Bi Mkubwa."

"Ndiyo."

Nilisubiri anitukane. Sijawahi kutukanwa na mtu huyo, lakini siku hiyo ningeona ni haki. Aliinuka kwa fimbo yake, akapita ukutani kwa kupapasa, akaingia ndani. Baada ya muda pipa likanyamaza.

Sijui nieleze vipi ukimya ule. Umeme ukikatika pipa hunyamaza, lakini friji nayo hunyamaza. Huu ulikuwa wa pipa peke yake. Niliketi kwenye kreti yake, nikamwambia Tone, "Ndiyo basi. Amezima." Tone akachuchumaa mbele yangu akanishika vidole vya miguu, vyote kwa pamoja, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mtoto.

Kisha tukasikia sauti kutoka chumba cha nyuma. "Mnangoja nini huko? Nileteeni brashi zangu. Na beseni. Mawe yaliyomo humu ni ya unga wa pili, hayajaharibika sana."

Gunia lilikuwa chini ya kitanda. Magoti yangu yalikataa, Tone akaingia yeye, akatoka na utando wa buibui kwenye nywele. Brashi zilikuwa nne, na mipini yake alikuwa ameitoboa kwa msumari, tundu moja, mawili, matatu, manne. Sikuwahi kuziona zile alama. Nilikuwa nazo miezi kumi na mitano chini ya mgongo wangu.

Tuliosha mpaka saa tisa. Yeye alikaa kwenye kigoda karibu na bomba, akitupokea kila kitu na kukipitishia kidole. "Hapa bado," anasema. "Pembeni mwa kifuniko bado. Bi Mkubwa, unaosha pipa au unalibembeleza?" Mkono mmoja alikuwa anakuna sikio. Maji ya kijivu tuliyamwaga kwenye shimo lake nyuma ya ukuta, si kwenye bomba la maji machafu, kwa sababu huganda kama saruji. Mgongo uliniuma, lakini sikutaka kuondoka.

Dodoki alilichukua mwenyewe akalitia mfukoni mwa koti. Nilimuuliza la nini. Akasema ni la kumkumbusha asiniachie tena kazi bila kunifundisha. Ndivyo alivyolisema, kana kwamba kosa lilikuwa lake. Nikaingia jikoni, nikakaa kidogo peke yangu.

*

Yale mawe kumi na mawili ilibidi yarudi mpaka unga wa pili. Hiyo ni siku saba, na saba, na saba. Kalenda ilitakiwa ifungwe baada ya siku kumi. Tone alipiga simu kazini akiwa amesimama katikati ya matuta, kidole kimoja sikioni. Alizungumza kwa upole, akasema mawe hayako tayari, akasikiliza, akasema nimeelewa. Hakutuambia mengi. Alisema atawaonyesha sisimizi na ua la nyanya, na kwamba wakubwa ni watu wa kubadilika, leo hivi, kesho vile. Nilijua anatuchagulia maneno.

Kesho yake asubuhi alifunga mfuko wake. Nilimpa bilinganya sita na nyanya zilizoiva nusu, akasema bibi hizi zitanivunja bega, akazichukua. Usiku wa kuamkia siku hiyo ndio ulikuwa wa kwanza kwangu kulala mpaka kukapambazuka, na bado nilikuwa nimechoka. Uchovu wa miezi hauondoki kwa usingizi mmoja. Chupa ya mafuta ilikuwa juu ya kabati, na mume wangu, alipopita, aliniambia sasa nipake kichwa chote, siyo kwa yale yaliyobakizwa na mawe.

Alimsindikiza mjukuu wake mpaka getini, mkono mmoja kwenye bega lake. Huyo si mtu wa kuomba. Watoto wetu wakija, anasema karibuni. Wakiondoka, anasema haya. Miaka yote ni hivyo hivyo, hata walipokuwa wanaondoka kwa muda mrefu, hata nilipomfinya mgongoni aseme zaidi.

"Haya, babu," Tone akasema. "Kaa salama."

"Haya," akasema.

Tone akafungua geti. Nyuma yetu pipa lilikuwa limeshaanza tena, shwaa, shwaa, likiwa na kumi na mawili yale pamoja na wenzao wa unga wa pili. Mume wangu hakuondoa mkono wake begani kwa mtoto.

"Wiki tatu," akasema. "Yatatoka. Nitayahisi kwa kidole, lakini kidole hakioni rangi. Bibi yako naye ananipenda mno, siwezi kumwamini." Akalibana bega lake. "Kalenda waifunge tu. Wewe uje na hiyo kamera yako uniambie yakoje. Uje, mama. Uje tena."